Nani Atamwamkia Nani

Kosa la Mwalimu Odeta Revocatus lilikuwa kuchagua mfano. Alilifanya mchana, mbele ya klabu ya fizikia, akiwa na chaki mkononi na uhakika wote wa mwanamke anayelijua somo lake.

Kitabu kilizungumzia mapacha wawili: mmoja anapanda chombo chenye mwendo mkali na kwenda mbali, mwingine anabaki nyumbani. Hakikuwapa majina. Odeta alikuwa Mhaya wa Kamachumu, na kwao angewaita Nyangoma na Nyakato, somo likaisha salama. Lakini alikuwa Ilemela, Mwanza, kwa Wasukuma, na kwenye dawati la mbele walikaa mapacha halisi, wasichana wawili wa kidato cha sita kutoka Kisesa, Kulwa na Doto. Akawachukua hao.

Alianza na kivuko. "Mnakumbuka kivuko cha Kigongo, kabla daraja halijafunguliwa? Mtu amesimama juu yake anarusha mpira na kuudaka. Yeye anauona ukipanda na kushuka wima. Wewe uliye ufukweni unauona ukienda mshazari, kwa sababu kivuko kimesogea. Njia unayoiona wewe ni ndefu kuliko anayoiona yeye. Sasa ondoa mpira, weka mwali wa mwanga. Mpira unaongezewa mwendo na kivuko. Mwanga hauongezewi na chochote. Mwendo wake ni uleule kwa aliye kivukoni na kwa aliye ufukweni. Njia ndefu, mwendo uleule. Kwa hiyo kwako wewe mwali umechukua muda mrefu zaidi. Saa ya kivukoni, ukiipima kutoka ufukweni, inachelewa."

Kisha akaendelea. Kwa kivuko tofauti hiyo ni ndogo mno. Lakini chombo kikienda kwa asilimia tisini na tisa ya mwendo wa mwanga, mwaka mmoja ndani yake ni miaka saba ya huku. Akaandika ubaoni: Kulwa anasafiri miaka minne kwa saa yake. Doto anabaki Kisesa. Siku Kulwa anaposhuka ana miaka ishirini na mitatu. Doto ana arobaini na saba.

Doto, ambaye ulimi wake haukuwahi kungoja zamu, alisimama. "Mwalimu, kwa hiyo ataniamkia?"

"Kwa hesabu, ndiyo."

Doto akamgeukia dada yake, akamwekea mkono kichwani. "Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa jirani akagonga ukuta. Odeta naye alicheka. Somo lililochekwa halisahauliki, na hilo lilikuwa moja ya mambo machache ya ualimu aliyoyaamini bila kuyapima.

Wakafanya mtihani wa taifa, matokeo yakatoka. Doto alipata nafasi ya udaktari Dodoma. Kulwa alipata kubwa zaidi: chuo kimoja cha Uholanzi kilikubali kumsomesha uhandisi wa maji bila kumdai chochote, mwaka mmoja wa maandalizi na mitatu ya shahada. Kilitaka jibu kabla ya mwisho wa juma lililofuata. Odeta ndiye aliyemsaidia kuomba, na alikuwa ameanza kuizoea furaha hiyo pale wasichana wote wawili walipomfuata ofisini asubuhi ya Ijumaa, wakasimama mlangoni kama waliovunja dirisha.

"Bibi amekataa," alisema Kulwa.

"Amekataa nini?"

"Ndege. Uholanzi. Vyote."

"Kwa sababu gani?"

Kulwa akamtazama Doto. Doto akatazama sakafu. "Ni mimi, Mwalimu. Nilimtania Bibi. Nilimwambia kwamba Kulwa akiruka atarudi mdogo wangu, mwalimu wa fizikia kathibitisha. Nilidhani atacheka."

Bibi Milembe ndiye aliyewalea tangu mama yao alipofariki, na nyumba yake ilikuwa na kanuni mbili juu ya mapacha. Ya kwanza: Kulwa hutangulia. Kunawa mikono, kula, kupita mlangoni, Kulwa kwanza, Doto nyuma yake, kama walivyokuja duniani. Ya pili: anachopewa mmoja, mwingine hupewa hichohicho. Umri haukuwa umewahi kutiwa katika kanuni hizo, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba unaweza kugawanywa visivyo sawa.

"Una miaka kumi na tisa," Odeta alimwambia Kulwa. "Kisheria huhitaji ruhusa."

"Najua. Naweza kuondoka bila ruhusa, Mwalimu. Siwezi kuondoka bila Bibi."

Odeta alikubali kwamba hizo ni hoja mbili tofauti. Kesho yake alipanda bodaboda pale stendi ya Buzuruga akaelekea Kisesa. Njiani aliandaa sentensi: mfano ule ulikuwa hadithi ya shuleni tu, Bibi, usiujali. Ilikuwa sentensi fupi, na ingetosha.

Bibi Milembe alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anakatakata viazi vitamu na kuvianika juu ya jiwe viwe michembe. Kisu chake kilikwenda bila kutazamwa.

"Mwangaluka, mayu," alisema Odeta. Hicho ndicho Kisukuma chote alichokuwa nacho.

"Mwangaluka. Heh! Mhaya kajifunza Kisukuma, dunia inaisha." Akamwonyesha kiti. "Karibu, Mwalimu. Ndiye wewe uliyesema Kulwa atarudi mdogo wa Doto?"

"Nilitoa mfano, Bibi."

"Mfano wa kweli au wa uongo?"

Sentensi ya njiani ilifika mpaka kwenye meno, ikakataa kutoka. "Wa kweli," alisema Odeta.

"Basi." Kisu kikaendelea na viazi.

"Lakini ule ni wa chombo ambacho hakijatengenezwa, Bibi. Hakuna mtu aliyewahi kwenda hivyo. Vinavyokwenda hivyo ni vijipande vidogo sana vinavyozaliwa juu kabisa angani. Umri wao ni mfupi, vingepaswa kufa kabla ya kutufikia, lakini kwa sababu ya mwendo wao saa yao inachelewa, vinafika mpaka hapa. Vinapita kwenye paa lako sasa hivi. Ndege haiendi hivyo. Ndege inakwenda polepole."

"Ndege polepole!" Bibi aliwageukia wajukuu, waliokuwa wamesimama kando ya mlango. "Mnamsikia mwalimu wenu? Kwa hiyo kwenye ndege Kulwa hapungukiwi kitu."

Odeta alijua kwamba hapo ndipo pa kusema ndiyo. "Kidogo sana," alisema.

"Kidogo ngapi? Maana kuna kidogo cha Msukuma na kidogo cha Mhaya. Mhaya akikwambia karibu kwenye kibanda changu kidogo, ukifika unakuta ghorofa."

Doto aliziba mdomo. Hata Kulwa alitabasamu. Odeta hakuwa na namba ya kujibu, na jambo hilo lilimuudhi kuliko kukataliwa kwenyewe. Alikuwa amesema "kidogo sana" kama mtu asiyesoma, kwa kukadiria. "Sijui, Bibi. Sijapiga hesabu."

"Basi kapige. Kidogo kisichojulikana ukubwa wake mimi sikipandishii mjukuu." Akamfungashia michembe ya kwenda nayo, maana mgeni ni mgeni hata akileta balaa.

Jumapili, baada ya misa, Odeta alikaa mezani kwake na kikokotoo. Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani, kwa sababu saa ya msafiri huguswa na mambo mawili. Mwendo unaichelewesha. Lakini kimo kinaiharakisha: kadiri saa inavyokuwa juu, mbali na uzito wa dunia, ndivyo inavyokwenda haraka. Darasani alitaja la kwanza tu. Alipoyaweka yote mawili kwa safari nzima ya kwenda na kurudi, kimo kilishinda. Ndege inapaa juu mno na kwenda taratibu mno. Kulwa hangerudi mdogo. Angerudi amezidi umri, kwa sehemu hamsini hivi za bilioni ya sekunde.

Aliweka kalamu chini. Jibu lilikuwa zuri hata likamtia shaka, na alikuwa na desturi ya kurudia kila hesabu iliyompendeza. Ndipo akaona alichokiacha. Kati ya ndege ya kwenda na ile ya kurudi kuna miaka minne. Mji wa chuo uko chini hata ya usawa wa bahari. Kisesa iko juu ya bahari kwa zaidi ya kilomita moja, na Dodoma, atakakokuwa Doto, iko karibu kimo hichohicho. Kwa miaka minne saa ya Kulwa ingekuwa chini na saa ya Doto juu. Alipiga tena, safari hii polepole. Hasara ya kukaa ilizidi faida ya kuruka mara mia tatu. Kulwa angerudi mdogo kuliko alivyopaswa kuwa, kwa karibu sehemu kumi na sita za milioni ya sekunde. Hesabu haikumwonea mtu haya.

Jumatatu aliwaeleza wasichana. Doto alilielewa jambo haraka, kisha akalikunja haraka zaidi. "Mwalimu, mwambie Bibi ya ndege, uishie hapo. Si ndiyo anayoiogopa? Mwambie Kulwa atarudi mkubwa zaidi. Na siyo uongo!"

"Ni kweli iliyokatwa mguu."

"Itatembea hivyohivyo mpaka uwanja wa ndege."

"Bibi aliniuliza kidogo ngapi," alisema Odeta. "Hakuniuliza kidogo cha ndege."

Wakamtazama Kulwa, kwa kuwa safari ilikuwa yake. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Jibu la chuo lilitakiwa Ijumaa.

"Sema!" alisema Doto.

"Akija kujua baadaye kwamba tulimkatia ukweli," alisema Kulwa, "nitakuwa huko peke yangu na yeye yuko hapa peke yake. Mwambie yote, Mwalimu."

Wakaenda Kisesa siku hiyohiyo mchana, wote watatu. Bibi alikuwa ndani, akipeta dengu. Hakuuliza habari za njiani. "Umeleta kidogo chako?"

"Nimekileta, Bibi. Kwenye ndege hapungukiwi. Anaongezeka, kwa sababu anakuwa juu sana."

Doto alivuta pumzi, akaomba kimoyomoyo mwalimu apaliwe.

"Lakini mji anakokwenda uko chini sana," aliendelea Odeta, "na atakaa huko miaka minne. Huko ndiko anakopungukiwa. Ukijumlisha yote, atarudi amepungua kwa sehemu kumi na sita za milioni ya sekunde."

Ungo ulitulia. "Sekunde ni ile ya redio? Ile ti, ti, ti, kabla ya taarifa ya habari?"

"Hiyohiyo. Kutoka ti moja hadi nyingine. Ipasue vipande milioni moja, uchukue kumi na sita."

"Hivyo vipande havionekani."

"Havionekani wala havisikiki. Saa zinazoweza kuvipima ni chache duniani." Odeta akainama mbele. "Bibi, na mimi nikuulize. Kulwa alimtangulia Doto kwa muda gani?"

Bibi Milembe hakuhitaji kufikiri. "Kulwa alipotoka, mkunga alinituma maji. Nikashika ndoo, nikaenda kisimani, nikakuta foleni, nikachota, nikarudi. Naingia mlangoni, huyu ndiyo anatoka. Mvivu tangu tumboni."

"Sikuwa mvivu," alisema Doto. "Nilikuwa nasubiri maji."

"Tuseme nusu saa?" aliuliza Odeta.

"Nusu saa, na foleni ile. Haipungui."

Odeta alikuwa na kikokotoo mkobani. Alikitoa, akabonyeza, akahakikisha. "Ili Kulwa aimalize nusu saa hiyo, Bibi, awe sawa na Doto, itabidi akae Uholanzi zaidi ya miaka milioni mia nne. Chuo kinampa minne."

Wasichana walicheka. Bibi hakucheka. Alichambua jiwe dogo kutoka kwenye dengu, akalitupa nje kupitia mlango, na Odeta akaelewa kwamba namba yake, pamoja na usahihi wake wote, ilikuwa imejibu swali ambalo halikuwa kubwa.

"Mama yao alikwenda Dar miezi sita," alisema Bibi. "Aliondoka hapa mnene, anacheka kama huyu Doto. Aliporudi nilimshusha kwenye basi kwa mikono yangu, mwepesi kama ungo. Watu wakasema ugonjwa. Mimi nilisema safari imemla. Sasa wewe unakuja na kalamu yako unaniambia safari inampunguzia mtoto umri. Hata kama ni punje. Hizo punje nani anazila, Mwalimu?"

Kulwa alikuwa ameugeuzia ukuta uso. Odeta hakuwa hodari wa kufariji, na alijua hivyo. Alichokuwa nacho ni jibu, na aliligeuza mara mbili kabla ya kulitoa, lisije likawa limekatwa mguu.

"Hakuna anayezila, Bibi. Haziondoki kwa Kulwa. Ataishi kila sekunde yake nzima. Usingizi wake ni kamili, mapigo ya moyo wake ni kamili. Hata kwenye kile chombo cha darasani, miaka yake minne ni minne, ana chakula chake cha miaka minne na mawazo yake ya miaka minne. Hakupunjwa hata siku. Tofauti inaonekana siku wanapokutana na kulinganisha. Njia mbili zimetoka mlango mmoja na kurudi mlango mmoja, moja ikawa na muda mwingi kuliko nyingine. Aliyepita kwenye fupi hakuibiwa. Hiyo ndiyo njia yake, na ameipita yote."

"Mwenyewe haoni pengo?"

"Haoni, kwa sababu upande wake halipo."

"Kwa hiyo safari haimli."

"Muda wa safari haumli. Baridi ya huko na magonjwa siwezi kukuahidi, Bibi. Hayo si somo langu."

Bibi Milembe alimtazama jinsi mnunuzi anavyomtazama muuzaji aliyeonyesha mwenyewe tundu la kitambaa. Kisha akauweka ungo chini.

"Kulwa. Nenda kanawe, tule."

Kulwa hakusogea. "Bibi, umesema..."

"Nimesema kanawe. Utakwendaje Ulaya hujui kunawa? Doto, mfuate dada yako."

Walitoka, Kulwa mbele, Doto nyuma, na kutoka uani, kabla maji hayajamwagika, zilisikika kelele ambazo si za watu wanaonawa mikono.

"Wewe Mhaya," alisema Bibi, "ile ya ndege ungeweza kuisema peke yake, ukanyamaza."

"Ningeweza."

"Ningekubali palepale."

"Najua, Bibi."

"Na nisingekuamini hii ya mwisho." Akasimama kwa kushika goti. "Utakula viazi au unataka ndizi zenu?"

Kanuni ya pili ya nyumba ilibaki kutimizwa. Mmoja akipewa Ulaya, mwingine apewe nini? Bibi alilifikiria jambo hilo majuma mawili, kisha akaenda mwenyewe Buzuruga na kurudi na saa mbili za mkononi, za aina moja, zenye mikanda ya bluu. Siku ya safari, kwenye uwanja wa ndege wa Mwanza, alimwomba Odeta azilinganishe. Odeta alizirekebisha mpaka mishale ya sekunde ikaenda pamoja.

"Sasa akirudi tutaona nani kapungukiwa," alisema Bibi.

"Hazitaonyesha," alisema Odeta. "Saa kama hizi zinakosea zenyewe kwa sekunde kadhaa kila mwezi. Huenda ya Kulwa ikawa mbele, huenda nyuma. Haitakuwa na maana yoyote."

"Mwalimu!" alisema Doto.

"Mwache," alisema Bibi, na safari hii alicheka kweli, mpaka akajifuta macho kwa pembe ya kanga. "Mtu huyu bila shaka hata siku ya harusi yake alimwambia bwana harusi ana chongo."

Kulwa alivaa ya kwake kwanza. Doto akafuata. Pale wasafiri na wasindikizaji wanapoachana, Kulwa alipiga goti mbele ya bibi yake, akapokea baraka kwa Kisukuma, maneno ambayo Odeta hakuyaelewa na hakuomba kutafsiriwa. Kisha akasimama mbele ya Doto.

"Tangulia," alisema Doto. "Si ndiyo kazi yako."

"Na wewe usizeeke huko Dodoma."

"Nizeeke nisizeeke, marahaba yangu iko palepale."

Kulwa akaingia. Hakugeuka nyuma mpaka alipopita mlango, na alipogeuka alikuwa ameinua mkono wenye saa.

Walizunguka nje hadi kwenye uzio, mahali ambapo ndege huonekana. Ndege ilikuwa imesimama mwisho wa njia yake, pua ikielekea ziwani. Bibi Milembe aliingiza vidole kwenye matundu ya waya.

"Ile ya kwenye ndege," alisema. "Ile ya kuongezeka. Ameshaanza?"

"Bado, Bibi. Haijaruka."

Ndege ilinguruma, ikakimbia, ikapita mbele yao, ikaachana na ardhi juu kidogo ya maji. Iliondoka kuelekea magharibi, kinyume na mzunguko wa dunia, na hata hilo, Odeta alikumbuka, lilikuwa upande wa Kulwa. Ilipanda juu ya mawe, juu ya mitumbwi, ikawa ndogo.

"Sasa," alisema Odeta.

"Sasa hivi anakuwa mkubwa?"

"Sasa hivi anamzidi Doto kuliko alivyomzidi siku ya kuzaliwa."

Doto alitazama saa yake, kisha angani. "Shikamoo, dada," alisema kwa sauti ndogo, na hakuwa anatania.

Bibi hakuondoa vidole kwenye waya. "Mwache akue," alisema. "Mwache akue."